Piko na rangi za uso kwa bathdei ya watoto, ni salama?

mama_kondele: Wadau habarini, mtoi ana bathdei Jumamosi hapa Kisumu na nimepata msichana wa kuchora watoto uso, anasema pia atawawekea piko, ile hina nyeusi ya kuchora ngozi, sasa naogopa juu ngozi yao ni laini, nimuulize nini kabla sijalipa?

fundi_rangi_nax: Mamake, piko kataa kabisa. Ile nyeusi tititi huwa ni rangi ya nywele, iko na kemikali inaitwa PPD, inaweza kutoa malengelenge na alama ibaki, na mwili ukishaikataa hata akiwa mtu mzima rangi ya nywele itamsumbua. Hina ya kweli hutoka rangi ya machungwa halafu inageuka kahawia. Ya uso mwambie akuonyeshe mkebe, iwe imetengenezewa ngozi, si ya kuchorea karatasi hata kama imeandikwa haina sumu.

dada_wa_dala: Na apake mtoto hiyo rangi ya uso kidogo kwa mkono siku moja kabla, kujaribu ngozi. Sponji moja kwa watoto wote pia hapana, mwenye kidonda ama macho mekundu asichorwe.

mama_kondele: Asanteni sana, piko nimetoa. Na glita?

fundi_rangi_nax: Ya kadi hapana, inakwaruza jicho. Chukua ya vipodozi, na ikae mbali na macho.