Nimepata 166 kwenye hesabu za GRE: nirudie mtihani au nitume maombi na alama hizi?

MchumiMlimani:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu mnaojiandaa na maombi ya mwaka huu.

Nina shahada ya kwanza na ya uzamili katika uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ninaomba nafasi ya shahada ya uzamivu katika vyuo kadhaa vya Marekani ambavyo vinafunga kupokea maombi katika nusu ya kwanza ya Desemba. Mwezi uliopita nilifanya GRE, mtihani unaotumiwa kudahili wanafunzi wa shahada za juu, hapa Dar es Salaam, nikapata 166 kati ya 170 katika hesabu, 158 katika lugha na 3.5 kati ya 6 katika insha. Kila niliyemwonyesha alama hizi alinipongeza, nami nilifurahi, mpaka nilipoanza kusoma maelezo ya idara ninazozitaka na kuona kwamba baadhi yao hudahili watu ambao wengi wako karibu kabisa na 170 katika hesabu.

Ada ya mtihani ni dola 220, yaani zaidi ya shilingi laki tano, na kwa mshahara wa msaidizi wa utafiti hicho si kiasi cha kutoa bila kufikiri. Muda wangu wa kujisomea ni jioni tu, na bado sijamaliza insha ya madhumuni wala kufupisha tasnifu yangu ya uzamili ili niiambatanishe kama sampuli ya uandishi. Katika mitihani ya mazoezi kabla ya siku yenyewe nilikuwa nikipata kati ya 166 na 169. GPA yangu ya shahada ya kwanza ni 4.2 kati ya 5.

Naomba mnishauri kuhusu mambo matatu: je, inafaa nirudie, je, nikirudia na kushuka nitakuwa nimejiharibia, na je, ile 3.5 ya insha inapaswa kunitia wasiwasi?

DadaTakwimu:

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa matokeo haya. Ushauri wangu ni kwamba usirudie.

Mtihani huu, kama vipimo vyote vya namna yake, una kosa la kipimo, na kwa kila sehemu kosa hilo ni takriban alama 2. Maana yake ni kwamba mtu mwenye 166 na mtu mwenye 168 wanaweza kuwa na uwezo uleule kabisa, ila mmoja alikutana na maswali yaliyomkaa vizuri zaidi siku ile. Matokeo yako ya mazoezi yanasema hivyohivyo: wewe ni mtu wa 166 hadi 169, na siku ya mtihani uliangukia upande wa chini wa eneo lako. Ukirudia utachota tena kutoka kapu lilelile.

Zaidi ya hapo, fikiria hesabu zinazopimwa ni zipi. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na uchambuzi wa takwimu, kwa kiwango cha sekondari. Hakuna kalkulasi wala trigonometria. Kamati ya udahili ya idara ya uchumi inajua hilo. Ikitaka kuona kama utaweza kuhimili mwaka wa kwanza wa uzamivu, itatazama kozi za hisabati ulizosoma chuoni na alama zake, na itasoma barua za walimu wako kwa makini kuliko unavyodhani. Barua ya mhadhiri anayeeleza tatizo fulani ulilolitatua katika tasnifu yako itafanya kazi ambayo alama 3 za GRE haziwezi kuifanya. Je, wahadhiri wako umewapa muda wa kutosha, na umewapelekea rasimu ya insha yako wajue unachokiomba?

Kuhusu fedha, ada ya maombi katika vyuo vingi vya Marekani si ndogo, na dola 220 zinaweza kugharamia maombi ya vyuo viwili. Mimi ningezielekeza huko. Wakati huohuo andikia kila idara uulize kama wana utaratibu wa msamaha wa ada kwa waombaji wenye uhitaji, kwa sababu vyuo vingi wanao na waombaji kutoka kwetu mara nyingi hawaulizi.

Mtafiti_Ughaibuni:

Ninamheshimu sana Dada, na aliyosema kuhusu barua ni kweli tupu, lakini katika suala la kurudia sikubaliani naye. Ninasomea uchumi katika chuo kikuu cha umma huku Marekani.

Kamati inapopokea mamia ya maombi, haianzi kwa kusoma barua. Mara nyingi huanza kwa kupunguza, na alama ya hesabu ya GRE ni kifaa chepesi cha kupunguzia. Ukishavuka mstari wao, alama hiyo karibu inasahaulika. Usipouvuka, barua nzuri ya mhadhiri wako huenda isifunguliwe. Tena katika sehemu ya hesabu watahiniwa wamerundikana juu kuliko katika sehemu ya lugha, kwa hiyo tofauti ya 166 na 170, ambayo kwa macho ni ndogo, inakushusha kwa zaidi ya pointi kumi za asilimia katika orodha ya watahiniwa wote duniani.

Lipo pia jambo ambalo linatuhusu sisi hasa. Profesa wa huku anaifahamu GPA ya 4.0, na ile yetu ya 5 haimwambii mengi. Hajui kwamba 4.2 ya Mlimani iko karibu na kilele cha daraja la pili la juu, wala hajui jinsi alama zinavyotolewa kwa ubahili katika kozi fulani. Mwombaji aliyesoma chuo ambacho kamati inakijua anaweza kusamehewa 165. Sisi GRE ndicho kipimo pekee ndani ya bahasha ambacho tunapimwa kwa rula moja na wenzetu, na kwa sababu hiyo ninaona alama ya hesabu ina uzito mkubwa zaidi kwetu, hata kama jambo hilo si la haki.

Hofu ya kushuka iondoe. Utaratibu wa ETS, shirika linaloendesha mtihani huu, unakuruhusu kuchagua matokeo ya siku ipi yatumwe, na usipoyachagua chuo hakiyaoni, isipokuwa kama chuo chenyewe kinadai matokeo yote, jambo ambalo utalisoma kwenye masharti yao. Angalizo ni moja: matokeo ya siku moja hutumwa yote pamoja, huwezi kuchukua hesabu ya Novemba na lugha ya Septemba ukaviweka katika ripoti moja. Unaweza kutuma ripoti zote mbili, na zipo idara zinazotazama alama ya juu ya kila sehemu.

Mwl_Aljebra:

Nimefundisha watahiniwa wa mtihani huu kwa muda, nami ningependa kuongeza swali ambalo halijaulizwa: zile alama 4 zilipotea wapi?

Tangu Septemba 2023 mtihani ni mfupi, haufiki hata saa mbili, na hesabu ni maswali 27 tu: 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Ugumu wa fungu la pili unategemea ulivyofanya la kwanza. Kwa hiyo mwenye 166 hakukosa mengi, na kila alichokosa kina maelezo. Kama uliishiwa na muda, au ulikosea kusoma maswali ya kulinganisha idadi mbili kwa kusahau kwamba herufi inaweza kusimama badala ya sifuri, namba hasi au sehemu, makosa hayo yanarekebishika kwa wiki chache za mazoezi ya kila jioni. Kama hukumbuki kosa lolote na ulitoka ukijiona umemaliza vizuri, basi Dada yuko sahihi, na utakuwa unabahatisha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, fanya mtihani mmoja wa POWERPREP, yaani mitihani rasmi ya mazoezi ya ETS, ambao hujawahi kuugusa, kwa muda kamili, bila kusimama. Ukipata 169 au 170, rudia. Ukipata 167, achana nao.

Ukiamua kurudia, zingatia kwamba lazima zipite siku 21 tangu mtihani wa kwanza na kwamba matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10, kwa hiyo usipange tarehe ya kupita katikati ya Novemba. Nakushauri uende kituoni. Mtihani wa nyumbani upo, lakini unataka chumba ulichomo peke yako muda wote, kamera, na umeme na intaneti visivyokatika, na kule huruhusiwi hata kutumia karatasi ya kawaida kufanyia hesabu.

Insha ya 3.5 iache ilivyo. Sampuli yako ya uandishi itawaonyesha unavyoandika kuliko insha ya nusu saa.

MchumiMlimani:

Ninawashukuru sana nyote. Mwalimu, maswali ya mwisho ya fungu la pili niliyajibu kwa kukisia kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, jambo ambalo sikuliona kuwa na maana mpaka ulipouliza. Jumamosi nitafanya mtihani wa mazoezi niliokuwa nimeuacha. Leo usiku ninawatumia wahadhiri wangu watatu rasimu ya insha jinsi ilivyo, kwa sababu Dada, kwa kweli walikuwa hawajaiona.

DadaTakwimu:

Watumie pamoja na orodha ya vyuo na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Na Mwalimu, kigezo chako cha 169 ninakikubali.