Cheti cha ubuyu wa porini kiwe mikononi mwa nani?

Novemba 2022 Rais William Ruto aliagiza uchunguzi kuhusu mibuyu iliyong'olewa na mizizi yake katika kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na wengi wetu tukawalaumu wenye mashamba waliokubali kuiuza. Naona tuliuliza nusu ya swali. Mbuyu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, kisha ukalisha vizazi. Ni vigumu mtu kuuachia mti wa namna hiyo kwa malipo ya siku moja kama mabuyu yake yanamlipa.

Ubuyu una soko. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wake utumike katika vyakula mwaka 2008, na Marekani mwaka 2009. Ukitaka kuuuza Ulaya kama zao la porini lisilotiwa kemikali, sharti uwe na cheti kinachothibitisha kwamba kwa muda wa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuchuma eneo hilo halikupigwa dawa zilizokatazwa, na kwamba uchumaji hauharibu mazingira. Masharti hayo nayaunga mkono. Wanaoyatimiza ni wanakijiji, kwa kutopiga dawa chini ya mbuyu na kuacha mabuyu machanga yakomae mtini. Hata hivyo, kwa kuwa ukaguzi ni ghali, mara nyingi kampuni ndiyo inayoulipia, na cheti hubaki kwa jina lake. Mchumaji akimwendea mnunuzi mwingine, ubuyu uleule huhesabiwa kuwa wa kawaida, na hana nguvu ya kujadili bei.

Shangazi yangu huko Ganze hupasua mabuyu kwa jiwe, uani. Hulitikisa kwanza asikie mbegu zikigonga ndani. Lililo zuri hutoa unga mkavu, mweupe. Lililolala chini na ufa likanywa umande huwa na madoa ya kuvu, naye hulitupa papo hapo. Kazi hiyo ya kuchagua halipwi, kwa sababu dalali hununua kwa gunia, na gunia lenyewe hujazwa mpaka mdomo ukakataa kufunga, likaongezewa kilemba cha kamba juu. Aliyechagua na asiyechagua bei yao ni moja.

Hoja yangu ni kwamba cheti kiandikwe kwa jina la kikundi cha wachumaji, hata kama kampuni ndiyo itakayotanguliza gharama na kurejeshewa kidogo kidogo kwa kila kilo, na kwamba ununuzi wote uwe wa mizani. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, kuhusu mizani sina neno. Kuhusu cheti nasita, kwa kuwa nimewahi kuwa mweka hazina wa kikundi. Cheti kinadai daftari la kila mchumaji, ramani ya kila eneo na ukaguzi wa kila mwaka. Kikundi chetu kilivunjika kwa sababu ya daftari la mikopo tu, tena tulikuwa watu wachache tunaojuana. Mwanachama mmoja akichanganya mabuyu yaliyotoka nje ya eneo lililokaguliwa, wote wanapoteza soko. Kampuni ina karani na ghala lisilovuja. Kuwakabidhi watu mzigo wasioweza kuubeba, kisha tukaita hilo haki, ni kuwaonea mara ya pili.

Mchangiaji wa tatu

Mbona hamjamtaja asiye na shamba? Mibuyu mingi ya kwetu imo ndani ya mashamba ya watu, na wanaookota si lazima wawe wenye ardhi. Bei ikipanda, mwenye shamba atamfukuza mama mjane aliyekuwa akiokota kwa ruhusa ya mdomo. Maandishi ya kikundi yamtaje yeye kwanza.

Mwanzisha mjadala

Nakubaliana na mchangiaji wa tatu, na nakiri kwamba sikuliona hilo: anayeokota awe mwanachama kwa kazi yake, si kwa hati ya ardhi, na ruhusa ya mwenye shamba iandikwe mbele ya mzee wa mtaa.

Kwako, ndugu mweka hazina, nauchukulia kwa uzito ushuhuda wako, lakini naona unathibitisha haja ya karani, na karani huajiriwa. Kampuni inayomlipa karani leo inaweza kumlipa huyohuyo akiwa anawajibika kwa kikundi. Tena daftari analolijaza linategemea wachumaji: ndio wanaojua mbuyu upi uko karibu na shamba lililopigwa dawa, na upi hauzai hata ukitunzwa. Kama hofu ni mabuyu ya kuchanganywa, anayejua yametoka wapi ni jirani aliyeokota naye asubuhi, kuliko mkaguzi anayefika mara moja kwa mwaka. Sasa nakuuliza wewe uliyeshika daftari: kikundi chenu kingelipiwa karani kwa misimu miwili ya kwanza, kingevunjika?