Watoto wa panya waliopachikwa jeni kwa lentivirusi hawafanani: tatizo ni nini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Tuliingiza jeni ya protini inayong'aa kijani katika mayai ya panya yaliyorutubishwa, kwa vekta (chombo cha kubebea jeni) ya lentivirusi, aina ya virusi, iliyodungwa chini ya utando unaolizunguka yai. Jike mmoja aliyezaliwa aling'aa mwili mzima. Alipopandwa na dume wa kawaida alizaa watoto wanane, nasi tukawaweka chini ya taa ya buluu kabla hawajaota manyoya: wawili waling'aa kama mama yao, watatu waling'aa kwa kufifia, na watatu hawakung'aa kabisa. Tulikosea wapi?

Jibu la 1
Hamkukosea, ndugu yangu. Lentivirusi hupachika jeni bila kuchagua kromosomu, na yai moja linaweza kupokea nakala kadhaa mahali tofauti. Kwa kuwa kila nakala hurithiwa kivyake, mtoto mmoja huchukua tatu, mwingine moja, mwingine hapati hata moja. Pimeni idadi ya nakala kwa kila mtoto, kisha mwanzishe ukoo kutoka kwa mwenye nakala moja tu. Nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwa kuwachanganya ndugu wa namna hii katika jaribio moja, wakadhani tofauti zimeletwa na dawa waliyokuwa wakiipima.

Jibu la 2
Naongeza kuhusu wale watatu, maana kutong'aa hakuthibitishi kwamba jeni haimo. Mwaka 1976 mwanabiolojia Rudolf Jaenisch aliambukiza viinitete vya panya kwa virusi vya Moloney, vinavyowapa panya saratani ya damu, na jeni za virusi hivyo zikarithiwa. Lakini virusi vya kundi hilo vikiingia mapema, kiinitete huvinyamazisha kwa kubandika vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo methili kwenye DNA. Lentivirusi, ambayo Carlos Lois na wenzake wa chuo cha Caltech, Marekani, waliitumia mwaka 2002, hustahimili zaidi, ingawa nayo hunyamazishwa mara nyingine. Kateni kipande kidogo cha sikio mfanye PCR, kipimo cha kutafuta jeni hiyo ndani ya DNA.

Muuliza swali
Asanteni sana. Tumefanya PCR: wawili hawana jeni, wa tatu anayo.

Jibu la 2
Basi huyo wa tatu jeni yake imenyamazishwa, msimtumie kuanzishia ukoo. Mkihitaji kuchagua mahali pa kupachika, tumieni CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali mnapotaka, pamoja na virusi vidogo vya kubebea jeni viitwavyo AAV, ambavyo kwa udogo wake wa nanomita 25 hivi hupenya utando wa yai bila sindano. Havibebi zaidi ya besi (herufi za DNA) 4,700 hivi, lakini jeni yenu ya kijani, yenye besi kama 720, inaenea.