Bastola ya zamani ina ELG ndani ya yai: ni ya Mjerumani?

Mwana wa Pangani
Wakuu, habari za jioni. Kwenye kasha la marehemu babu tumekuta bastola ndogo, imeshikwa na kutu, mpini wa mti. Jina la kiwanda hakuna. Nyuma ya silinda pana duara mfano wa yai, ndani yake herufi ELG na nyota chini. Pembeni kuna R ndogo yenye taji. Kifyatulio hakina kikingio, kinakunjwa kuelekea mbele. Ukingo wa silinda una vipengo sita, kila tundu na chake. Mjomba anashikilia ni ya Mjerumani na ni pesa ndefu. Mwenye kujua anisaidie.

Kibanga
Mali ya Mjerumani hiyo! Chimbeni chini ya kasha, ramani haiko mbali 😂

Mzee wa Stoo
Kijana, Mjerumani mwacheni apumzike. Nimetunza stoo ya makumbusho miaka mingi, na muhuri huo naujua. Ni wa nyumba ya majaribio ya silaha ya Liège, Ubelgiji. Silaha ilifyatuliwa kwanza kwa baruti iliyozidishwa. Ikihimili, inagongwa ELG. Mwaka 1893 yai likaongezwa taji juu. Lako halina, kwa hiyo ni la kabla ya hapo. R ni ya mkaguzi. Herufi zao zilivaa taji kuanzia 1853 hadi 1877, kisha zikavaa nyota. Bendera ya kampuni ya Wajerumani ilipandishwa Pangani 1888. Hesabu mwenyewe.

Hivyo vipengo ni vya risasi za pini, mfumo wa Lefaucheux wa Ufaransa: ganda lina kipini ubavuni, nyundo inakishukia kutoka juu. Jina usihangaike nalo. Liège mafundi wengi walichonga vipande majumbani kwao, na bastola za bei nafuu zilitoka bila jina.

Sasa nisikilize: tazama vipengo kwa macho tu. Kipini kikichomoza hata kimoja, kuna risasi ndani. Usisugue, usigonge, watoto wakae mbali.

Bint Saadani
Na msiipakie kwenye basi kwenda kutafuta mnunuzi. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Iacheni hapo hapo, nendeni polisi na mwenyekiti wa mtaa mkatoe taarifa, wao watawaelekeza.

Mwana wa Pangani
Shikamoo mzee, na ahsante. Vipini sioni, matundu yote meupe. Tatizo ni mjomba, keshaongea na dalali.

Mzee wa Stoo
Marahaba. Mwambie dalali ni ya Ubelgiji, za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi mno. Atakata simu mwenyewe. Polisi nendeni kesho asubuhi.