Siku ya zawadi shuleni: nani anafaa kuwa mgeni wa heshima?

Mzazi, Njoro
Bodi ya shule yetu inatafuta mgeni wa kuzungumza na watoto, na majina yaliyofika mezani ni mawili: mheshimiwa fulani na mwanakandarasi wa barabara. Kwenye mkutano wa wazazi nikapendekeza muuguzi mstaafu ambaye mikono yake ndiyo iliyowapokea nusu ya watoto hao walipozaliwa. Mzazi mwenzangu akacheka: "Atawaambia nini, na bado anapanda matatu?"

Nauliza basi. Tukisema fulani amefanikiwa, tunamaanisha nini? Naona gari limekuwa cheti. Mgeni akishuka kwenye Prado hatuulizi alilipataje, na watoto wanaona kwamba hatuulizi. Hapa hapa kaunti ya Nakuru, Bruda Peter Tabichi alifundisha hisabati na fizikia Keriko, shule ya kutwa ya kijijini, huku akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini. Mwaka 2019 akatunukiwa Dubai tuzo ya kimataifa ya walimu, dola milioni 1. Kabla ya Dubai, bodi gani ingemwalika?

Mjenzi, Section 58
Ndugu yangu, Tabichi namheshimu, lakini yeye ni mtawa wa Kifransisko. Hana mke, hana mtoto wa kulipiwa karo. Mimi nina watatu, mama mgonjwa na mkopo wa sacco. Nikigawa asilimia 80, maskini wa kwanza kusaidiwa watakuwa wa kwangu.

Haya mambo ya kusudi la maisha huhubiriwa sana na walioshiba. Baba yangu alikuwa na kusudi: kwaya, kanisa, kuzika majirani. Kila mtu alimpenda. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa karo karibu kila muhula. Mheshimiwa aje, angalau atatuchangia maabara.

Mwalimu, Kakamega
Na Eliud Kipchoge je? Mwaka 2019 alikimbia marathoni Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na kambini Kaptagat bado alikuwa akishika zamu ya kusafisha choo kama wenzake.

Mjenzi, Section 58
Mwalimu, kusafisha choo ukiwa na pesa benki ni uamuzi wako. Kusafisha kwa sababu hukupata kazi nyingine ni jambo tofauti kabisa.

Mama Omena, Kibuye
Hapo mjenzi amenena. Lakini njooni Kisumu muone kipimo chetu: nyumba ya dala, yaani ya kijijini kwenu. Mtu awe profesa, awe nani, akirudishwa kwa jeneza na hana nyumba kwao, minong'ono haiishi. Nimeona vijana wakigongelea mabati usiku kucha, mbao bado zina utomvu, ili marehemu apate kwake pa kutolewa. Wengine nao wamejenga majumba ya kulala Desemba pekee. Mlinzi ndiye anayeyafaidi mwaka mzima. Makundi yote mawili yalikuwa yanaogopa midomo ya watu.

Mimi napima omena kwa gorogoro hapa sokoni. Nilijiona nimefanikiwa siku nilipomaliza deni la wale wa mikopo ya kila wiki, wanaokuja kusimama mbele ya meza yako wateja wakitazama. Hakuna aliyenipigia makofi. Hata mume wangu alijua baadaye.

Mwalimu, Kakamega
Mama, nakuunga mkono. Na hili si la wakubwa tu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Mzazi anayesikia "sanaa" na kuona njaa, alijifunza hivyo kwa wageni wa heshima wa enzi zake.

Mzazi, Njoro
Mjenzi, maabara tunaihitaji, sikatai. Ila pesa za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, ni kodi yetu. Tumwandikie mheshimiwa barua, tuipeleke ofisini kwake, tudai jibu; hatuhitaji kumpa kipaza sauti ndipo atukumbuke.

Muuguzi nimeshamuuliza. Amekubali, kwa sharti moja: asipangwe kuzungumza baada ya mwanasiasa, maana watoto watakuwa wamechoka na jua.