Nimelipa kukatiwa kutu, nimerudishiwa gazeti! (Datsun 240Z, Malindi)

Wanajukwaa, leo nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Jumamosi asubuhi nilichukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kitambaa isichubue rangi, nikaipitisha ubavuni mwa gari langu kuanzia mlangoni kwenda gurudumu la nyuma. Mlangoni ilishika. Nyuma kidogo tu ya mlango ikaanguka mchangani. Nikaiokota, nikajaribu juu zaidi, ikaanguka. Nikazunguka upande wa pili, ikaanguka tena. Gari la bati, sumaku haishiki! Nikaingia stoo nikachukua bisibisi.

Kwanza ilitoka rangi, safi, inang'aa kama kioo. Kisha puti, ile ya kujazia mabonyeo ya bati, nene kama kipande cha boflo. Kisha wavu wa kuku. Ndiyo, ule ule wa kuku. Nyuma ya wavu kulikuwa na gazeti lililokunjwa na kushindiliwa ndani ya tundu, ukurasa wa michezo. Na nyuma ya gazeti nikaikuta kutu yangu ile ile niliyomkabidhi fundi mwezi wa pili, haijaguswa hata kwa msasa, imenenepa.

Najua kuna watakaouliza ni gari gani hilo la kuliliwa hivi. Ni Datsun 240Z ya 1972, aliloniachia ami yangu, Mungu amrehemu. Wazee wanalijua. Aina hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ami alilinunua kwa sababu hiyo tu. Sababu nyingine hakuwa nayo, maana ni gari la viti viwili na yeye alikuwa na watoto sita. Mtu akiliharibu bodi, siwezi kuagiza jingine Japani kama anayeagiza Probox, kwa kuwa gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Hili nililonalo ndilo hilo hilo.

Na msidhani mimi ni wale wa kumtupia fundi funguo na kwenda zao. Kazi nyingine karibu zote nimezifanya kwa mikono yangu, hapa nyumbani Barani, chini ya mwarobaini, Jumamosi na Jumapili, miaka miwili sasa.

Nilianza na breki. Kalipa za mbele za kiwandani, zile koleo zinazobana diski ya breki, zina pistoni mbili kila moja, na kwa barabara ya Mombasa ya leo, matatu zinavyokukatia mbele bila hata taa, nilitaka kitu kinachokamata. Wenye 240Z dunia nzima wanaijua dawa yake: kalipa za Hilux za zamani, zile zinazovuta magurudumu yote manne. Zina pistoni nne na zinaingia kwenye matundu yale yale ya bolti. Kazi ni kukata kile kibati cha kukinga vumbi na kukunja upya kipaipu cha mafuta ya breki. Hapa Malindi Hilux zimejaa kama kunguru, kwa hiyo nilipata jozi kwa muuza vyuma vikuukuu, nikazifungua zote, nikasafisha pistoni, nikatia sili mpya. Nyuma nimeacha dramu zake. Sasa ukikanyaga, gari linainama pua na kusimama.

Halafu nikageukia moto, yaani umeme wa kuwashia injini. Pointi na kondensa nimevitoa, nimeweka distribyuta ya ilektroniki ya Datsun 280ZX, gari lililokuja baadaye. Inaingia bila kuchonga chochote, ila rezista ya koili unaitoa. Wiki nzima gari halikuwaka kwa sababu nilichanganya waya mbili. Nalisema hili ili mjue sijifanyi bingwa. Nafasi za valvu nilizipanga kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa moto: 0.25 mm za kuingiza na 0.30 mm za kutoa.

Kabureta ndizo zilizonipa raha kuliko yote. Ziko mbili kwenye ile injini yake ya L24 ya silinda sita, lita 2.4, na kila fundi aliyepita hapa alinishauri nizing'oe niweke moja ya pikapu, "zisikusumbue". Nilikataa. Unachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja unaweka sikioni, nyingine unaileta mdomoni mwa kabureta ya kwanza, unasikiliza mvumo wa upepo. Unahamia ya pili. Unazungusha skrubu mpaka mvumo wa huku na wa kule ulingane. Mama watoto akiniona nimeinama pale na mpira sikioni huniuliza mgonjwa anaendeleaje.

Kuchomelea ndiko nisikokuweza. Bati la bodi ni jembamba, halifiki milimita moja. Ukikawia na moto sehemu moja unatoboa, ukichoma mstari mrefu bila kupumzisha bati linajikunja kama papadi. Inataka mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, na mkono uliotulia, doa hapa, doa kule, unaacha lipoe, unarudi. Nikasema kazi hii nimpe mwenye kuijua. Hapo ndipo nilipokosea.

Jina la karakana silitaji. Tulipatana hivi: kila penye kutu pakatwe mpaka kwenye bati zima, pawekwe bati jipya, ndani na nje papakwe redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mishono izibwe, kisha puti kidogo ya kusawazisha, kisha rangi ile ile ya chungwa. Bei shilingi 180,000. Nimelipa kwa M-Pesa mara tatu, na ya tatu nimeituma kabla sijaliona gari. Kwa nini? Kwa sababu alinitumia picha. Sakafu imekatwa vizuri, bati jipya linameta, cheche zinaruka. Nilifurahi mpaka nikazionyesha ofisini kwa walimu wenzangu. Juzi nimezirudia zile picha kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Sakafu ile haina tundu la gia! Gia ya 240Z iko sakafuni, katikati, hata mtoto anaiona. Nilikuwa nashangilia sakafu ya gari la mtu mwingine.

Katikati ya mwezi wa nne nikalichukua. Rangi ilikuwa nzuri, wallahi, siwezi kusema uongo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Masika yakaja, yakanyesha kama mnavyojua yalivyonyesha, na kufikia mwezi wa sita rangi ikaanza kutoa malengelenge nyuma ya mlango wa kushoto. Madogo, kama ya mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto. Nikayabonyeza, yakatoa maji.

Niwaeleze wasiojua, maana fundi huyu anategemea hatujui. Puti ni unga wa talki uliochanganywa na gundi ya poliesta. Si haramu. Hata kazi bora kabisa ina puti, lakini ni ya kufuta mbonyeo, milimita mbili tatu, juu ya bati zima lililopakwa praima. Ukiipaka juu ya kutu inanyonya unyevu kama mahamri kwenye chai. Kutu chini yake inaendelea kula, tena kwa amani kwa sababu haionekani. Na sisi tuko pwani. Kusi ikivuma, chumvi unailamba kwenye kioo cha gari lililolala nje usiku mmoja. Sasa chumvi hiyo ipe tundu lililojaa gazeti lililolowa.

Baada ya ubavu nikalipandisha gari kwenye stendi nikaingia chini. Afadhali nisingeingia. Ile sakafu ya upande wa dereva, niliyolipia ikatwe, haikukatwa. Juu ya sakafu iliyooza limewekwa bati la kuezekea nyumba, lile la migongo, limepigwa nyundo likanyooka nusu, likabanwa kwa ribiti na kupakwa lami. Migongo bado inahesabika! Nikagonga ule mhimili unaopita chini ya sakafu, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata pesa. Gari hili halina chesisi ya kando kama Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ile mihimili, sakafu, na vizingiti vya chini ya milango ndivyo vinavyoshika magurudumu yasiachane. Mimi nimekaa miezi miwili na zaidi nikimpeleka binti yangu shule asubuhi, na siku moja tumekwenda naye mpaka Kilifi na kurudi, nimelikimbiza vizuri tu, nikisifu breki zangu za Hilux, tumekalia bati la nyumba na lami.

Nikampigia simu.

"Fundi, ubavuni nimekuta gazeti."

"Hiyo ni ya zamani, mwalimu. Ni wale waliopiga rangi kabla yangu."

"Lina tarehe, fundi. Ni la mwezi wa tatu mwaka huu. Gari lilikuwa kwako."

Akanyamaza. Nikasikia grenda inalia nyuma yake, bila shaka anamsaidia mteja mwingine. Kisha akasema: "Sasa mwalimu, gari ya sabini na mbili, ulitaka iwe kama imetoka Japani jana?"

Hapana, ndugu yangu. Nilitaka ulichosema umekifanya uwe umekifanya. Ungeniambia bati limenishinda, au pesa haitoshi, au sijui kufanya kazi hii, ningekupa mkono na chai ningekunywesha. Wewe ulikwenda dukani, ukanunua wavu wa kuku kwa pesa yangu, ukaukata kwa kipimo, ukaushona. Kuficha kule kumekuchukua muda, na muda ule ungetosha kukata lile bovu lote!

Na kuna maneno mengine nimechoka nayo, nayo yanatoka kwa marafiki: "Si ungenunua Premio tu?" Premio ninayo, ndiyo inayonipeleka kazini wakati hili liko juu ya stendi. Sikuuliza.

NYONGEZA, usiku: Nimesoma majibu yote, asanteni. Wanaonisukuma nitaje jina la karakana, sitalitaja hapa, kwa sababu nakusudia kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na wakili si lazima. Risiti sina, hilo nalikubali na mnitukane mnavyotaka. Ila jumbe tatu za M-Pesa ninazo, picha zake ninazo na tarehe zake, makubaliano yetu yako WhatsApp kwa sauti yake mwenyewe, na gazeti nimelikausha juani nikalitia kwenye faili. Bado linanuka puti.

Aliyeandika kwamba mafundi wote wa pwani ndivyo walivyo, futa maneno hayo. Fundi aliyenichongea hedi ya injini hii ni wa hapa hapa Malindi, alinirudishia mpaka nati mbili zilizobaki, kwenye kikopo.

Aliyeuliza aangalie wapi kabla hajanunua 240Z ya mzee mmoja huko Mtwapa: nenda na sumaku na tochi, acha kuangalia rangi. Inua batri uone chini yake, maana asidi imekula pale tangu zamani. Toa zulia, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Angalia pale chini ya kioo cha mbele ambapo majani hujaa na maji yakakosa njia. Nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili. Ukingo wa mlango wa buti. Kisha lala chini, ndiyo, na shati lako hilo, ugonge ile mihimili kwa mpini wa bisibisi usikilize. Pazima panalia, palipooza panafanya "dufu". Na mzee akikukataza kugonga, rudi kwako.

Mimi jana nimeanza kukata. Nimekodi grenda, nimetoa bati la nyumba lote, nimetoa wavu, nimefika kwenye bati zima kushoto. Kulia bado. Tundu la kushoto kichwa cha mbuzi kinapita. Nimeagiza bati la milimita 1 Mombasa na nitalikunja mwenyewe kwa mbao na nyundo, nimeshafanya kiolezo cha katoni.

Ninachotafuta ni mchomeleaji mmoja, kati ya Mombasa na Malindi, mwenye MIG yake na aliyewahi kushona bati jembamba la gari, si mageti. Kazi itafanywa hapa kwangu chini ya mwarobaini. Nitakaa kwenye kigoda pembeni yake kuanzia doa la kwanza mpaka la mwisho, chakula cha mchana kipo, na pesa natoa jioni kwa kazi ya siku hiyo baada ya kupitisha sumaku. Puti asije nayo. Mwenye kumjua mtu wa namna hiyo aniandikie kwa faragha.