Kujichunga, yaani kujizuia na ngono: somo la peke yake, au ndani ya somo zima la uzazi?

Mwalimu wa biolojia, komuni ya Kadutu:

Shule nyingi za hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, zinaongozwa na makanisa kwa mkataba wa Februari 1977 kati yao na serikali. Kwa hiyo somo la Elimu ya Maisha linapofika kwenye uzazi, prefe, yaani mkuu wa shule, ana macho mawili: moja kwenye programu ya wizara, jingine kwa kanisa lenye shule. Mara nyingi anachagua njia fupi: kipindi kimoja, wanafunzi wote pamoja, mgeni mmoja mbele, neno moja: "Jichungeni."

Mimi nasema hiyo ni amri tu, na mtoto hawezi kuifanyia mazoezi. Kujichunga kuna hatua zake, na zinafundishika. Kwanza mwili, kwa sababu msichana asiyejua kwamba yai linaweza kutoka hata kabla hajaona hedhi ya kwanza hajui anajichunga na nini. Halafu mazingira: darasa litaje lenyewe mahali na saa ambapo "ndiyo" hutoka bila mtu kupenda. Watataja unite (salio) za simu, pesa ya minervale (karo), kutumwa nyumbani kwa mtu jioni. Ndipo zoezi la kukataa, wawili wawili.

Hapo ndipo walimu wengi wanakosea. Wanamfundisha mtoto kutoa sababu, na sababu hujibiwa. "Mama atanigombeza." "Hatajua." "Nina mtihani." "Basi kesho." Afundishwe hapana fupi isiyo na sababu, airudie kwa maneno yale yale, aondoke, kisha amwambie mtu mzima aliyekwisha kumchagua kabla. Zoezi lirudiwe mpaka sauti iache kutetemeka. Kipindi kimoja hakitoshi.

Mchungaji, mshauri wa vijana, komuni ya Ibanda:

Mwalimu, hatua zako nazikubali zote. Ninachokataa ni kuchanganya. Ukimwambia mtoto wa miaka 12 "subiri", kisha dakika kumi baadaye ukamweleza kapoti (kondomu), neno la pili ndilo litakalobaki kichwani.

Na watu waache kusema kwamba kujichunga peke yake hakujawahi kuzaa matunda. Mwaka 2010 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa Philadelphia, wanafunzi 662 wenye umri wa miaka kama 12. Waliofundishwa kujizuia peke yake kwa saa 8, karibu theluthi moja walikuwa wameanza ngono ndani ya miaka miwili. Kundi lililofundishwa afya ya kawaida, karibu nusu. Tofauti hiyo si ndogo.

Muuguzi wa uzazi wa mpango, komuni ya Bagira:

Papa Mchungaji, utafiti huo ni wa kweli na ni vizuri umeutaja. Ila tuangalie walichofundisha. Hawakusema "mpaka ndoa", walisema "mpaka utakapokuwa tayari". Hawakutumia maneno ya dhambi. Na wafundishaji walielekezwa wasiseme vibaya juu ya kapoti. Ukitaka matokeo ya Philadelphia, uchukue na masharti ya Philadelphia.

Programu za "mpaka ndoa" zilipimwa kwa agizo la bunge la Marekani, ripoti ikatoka 2007. Waliofundishwa na wasiofundishwa walianza ngono kwa wastani wa umri ule ule, miaka 14.9. Mwaka 2009 ukatoka utafiti mwingine juu ya vijana waliokuwa wameapa kubaki bikira: baada ya miaka mitano ngono yao haikutofautiana na ya wenzao wanaofanana nao, ila kinga waliitumia mara chache kuliko hao wenzao. Hicho ndicho kinaniuma. Kiapo kilivunjika kama ahadi za vijana zinavyovunjika, na siku hiyo hawakuwa na kitu kingine mkononi.

Karibu na kwetu, magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa darasa la 8 walipewa kipindi kimoja cha dakika 40. Walionyeshwa kwa takwimu kwamba wanaume wakubwa wana virusi vya UKIMWI zaidi ya wavulana wa rika lao. Mimba zikapungua kwa asilimia 28. Kuwafundisha walimu mtaala rasmi wa UKIMWI, uliokazia kujizuia, hakukupunguza mimba. Wasichana wale walipewa habari kamili, wakaitumia kuwakataa wenye gari na pesa.

Sasa "siku salama", zile zinazosemwa kuwa msichana hapati mimba, maana hata wanaofundisha kujichunga peke yake wanazifundisha, na vibaya. Wanasema yai linatoka siku ya 14. Linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mzunguko wa siku 21, yai siku ya 7 hivi. Mzunguko wa siku 45, siku ya 31. Wasichana wadogo wanaweza kuwa na yote mawili katika mwaka mmoja, na mbegu ya mwanaume huishi mpaka siku 5. Ule mkufu wa kuhesabia siku za mzunguko, wenye shanga 32, ulitengenezwa kwa mwanamke ambaye mizunguko yake ni ya siku 26 hadi 32. Shanga nyeupe, siku ya 8 hadi ya 19, ndizo za hatari ya mimba. Kumwachia msichana wa miaka 14 ahesabu nao ni kumdanganya.

Na kapoti: wanawake 13 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka kwa matumizi ya kawaida, 2 kwa matumizi sahihi kila mara. Tofauti inatokana na kuivaa kwa kuchelewa, kupaka mafuta ya mgando yanayoharibu mpira, kutosoma tarehe. Si kweli kwamba ina matundu yanayopitisha virusi.

Wakili wa haki za watoto, Ibanda:

Mnaongea kana kwamba kila mtoto anachagua. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 inahesabu ngono na mtoto chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, hata akisema alikubali, na inaadhibu pia kusumbua mtu kingono. Mwalimu anayedai mwili ili atoe pointi anaangukia humo. Kama somo ni "jichunge" tu, msichana huyo atadhani amefeli yeye, atanyamaza, na saa 72 zitapita. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa hizo tangu kubakwa, na kunywewa siku 28. Kila mtoto wa mji huu aijue namba 72 kabla ya kufika sekondari, tena bila kungoja mgeni.

Mchungaji:

Wakili, hapo nimekubali, na hata katika ibada ya vijana inaweza kusemwa. Mama Muuguzi, hesabu ya siku tuiondoe kwa wadogo, umenishinda. Lakini kapoti kwa miaka 12, bado nakataa.

Mwalimu wa biolojia:

Mwongozo wa UNESCO (shirika la elimu la Umoja wa Mataifa) wa 2018 wenyewe unagawa mafunzo ya uzazi kwa umri: 5 hadi 8, 9 hadi 12, 12 hadi 15, 15 hadi 18 na kuendelea. Kwa hiyo darasa la 7 lipate mwili, kukataa na saa 72. Kapoti ije darasa la 8, wavulana peke yao na wasichana peke yao, na sanduku la maswali yasiyo na majina lipitishwe wiki moja kabla. Wote waandike kitu, hata asiye na swali, la sivyo anayeandika atajulikana.

Mchungaji:

Darasa la 8 kuna wenye miaka 13. Tuseme mwaka wa kwanza wa humanite, ule unaofuata darasa la 8.

Muuguzi:

Kituoni wanaokuja na mimba hawajafika humanite, Papa.